Barua ya Kinyozi kwa Muuguzi wa Misheni

Mtaa mzima walimwita Redio, maana kinyozi yule alikuwa hazimiki. Mkono ukishika mashine, mdomo nao unashika habari. Wateja wengine walikuja kunyolewa nywele ambazo hata hazijaota, ilimradi wasikie.

Jumapili moja baada ya ibada, Mama Katibu wa kanisa alisimama mbele na bakuli lililojaa vikaratasi. Kila kikaratasi kilikuwa na anwani ya mmishonari mmoja aliyetumwa nchi ya mbali.

"Wengi wao wako mahali simu hazishiki," alisema. "Barua ndizo zinazofika. Kila mtu achukue wa kwake amwandikie."

Redio akatumbukiza mkono, akamtoa muuguzi: mwanamke aliyekuwa katika mwaka wake wa tatu kwenye hospitali ndogo ya misheni huko ng'ambo, juu milimani. Hawakuwahi kuonana hata siku moja.

Jioni alikaa mezani na kalamu, akanyamaza kimya. Mkewe akatoka jikoni mbio kuangalia kama mumewe ni mzima.

"Baba, unaumwa?"

"Naandika barua. Nimeandika 'Salamu katika jina la Bwana', basi, nimekwama. Mimi nimwambie nini mmishonari asichokijua?"

"Si umwambie hayo unayowaambia wateja? Huko aliko nani atamsimulia?"

Bomba likafunguka. Redio aliandika kurasa kumi na moja. Aliandika kuhusu kiongozi wa kwaya aliyesinzia kwenye kiti cha kunyolea, akageuza shingo ghafla, akaondoka na nusu ya masharubu. Aliandika kuhusu mbuzi wa mwoka mikate aliyelala ndani ya pipa la unga na kutoka mweupe pe, watoto wakamkimbia. Aliandika kwamba paa jipya la kanisa linavuja, tena linavuja pale pale juu ya benchi la wazee wa kanisa.

Redio alipoipeleka, Mama Katibu aliisoma barua ile akiwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake.

"Ndugu yangu, hii ni barua ya mmishonari au ni kijiwe? Neno la Mungu liko wapi?"

"Liko ukurasa wa kumi na moja, Mama. Chini kabisa, pembeni."

Mama Katibu akashusha pumzi. Kifurushi cha barua kilikuwa kinafungwa siku ile ile, kwa hiyo akaitia ndani huku akitikisa kichwa.

Wiki saba zikapita. Redio akaanza kujilaumu. Huenda amemkosea heshima mtumishi wa Mungu. Hata dukani akapunguza sauti, mpaka wateja wakaulizana nani kafiwa.

Siku ya Alhamisi asubuhi, tarishi wa posta akasimamisha baiskeli mlangoni.

"Hapa kuna mtu anaitwa Redio? Jina jingine halikuandikwa."

Wote waliokuwa ndani wakainuka kwa mpigo. Redio akaipokea bahasha yenye stempu za kigeni, lakini hakuthubutu kuifungua, akampa mwalimu mstaafu aliyekuwa kitini, taulo shingoni. Mwalimu akakohoa kidogo, akasoma:

"Kaka Redio, barua yako imenikuta nimekaa juu ya sanduku langu, nimeshalifunga. Nilikuwa nimeamua kurudi. Barua ninazopata huniambia nisimame imara, nami nashukuru sana, ila hakuna aliyewahi kuniambia nyumbani kukoje siku hizi. Nilipofika kwa yule mbuzi nilicheka mpaka wagonjwa wakaniuliza kuna nini. Nikawatafsiria. Sasa wodi nzima inataka kujua: mbuzi aliogeshwa? Na paa je? Kaka, nimelifungua sanduku. Nabaki. Tafadhali, andika upesi."

Duka likalipuka. Watu walipiga makofi, wakakumbatiana na nywele zao za nusunusu. Redio alikaa kwenye kiti cha wateja akacheka huku machozi yakimtoka, kisha akaichukua barua, akachomoka na aproni yake hadi ofisi ya kanisa.

Mama Katibu aliisoma mara mbili. Mara ya pili aliketi.

"Mwaka jana nilimwandikia huyu dada barua nne," alisema taratibu. "Zote maneno yale yale. Nilibadilisha tarehe tu."

Redio akasema, "Mama, Jumamosi njoo dukani. Lete karatasi, na wale wengine walioko kwenye bakuli wasisahaulike."

Jumamosi duka lilijaa hadi kibarazani. Waliandika juu ya magoti, juu ya kioo kilicholazwa, juu ya migongo ya wenzao. Mama Katibu alishika kalamu kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Hii sijawahi kumwambia mtu," alisema. "Siku askofu alipotutembelea, nilijifungia stoo kwa bahati mbaya. Nikagonga mlango ibada nzima. Nanyi mkadhani ni ngoma, mkawa mnaitikia!"

"Ndiyo maana kwaya ilipoteza mapigo!" kiongozi wa kwaya akapiga kelele. "Iandike hiyo, Mama! Iandike yote!"

Akaiandika, kurasa sita. Mchana wakazitia barua zote kwenye mfuko mmoja, wakatoka kwenda posta kwa pamoja, mwalimu mstaafu mbele ameukumbatia mfuko kifuani, Redio nyuma akiwahimiza waharakishe kabla dirisha halijafungwa.