Nne kwa Mpigo Mmoja

Jumamosi hiyo nilikuwa nimeapa kula chakula cha mchana nyumbani. Mwanangu alishaanza kumuuliza baba yake kama Jumamosi ni siku ambayo akina mama hawaruhusiwi kukaa na watoto wao, na swali hilo lilinichoma kuliko nilivyoonyesha. Kwa hiyo niliingia chumba cha seva asubuhi na mapema, nikavaa koti langu zito, maana kiyoyozi cha mle ndani hakina huruma, nikafanya jambo nililokuwa nalitamani siku nyingi.

Kazi yenyewe si ya miujiza. Barua pepe zote za kampuni zinakaa kwenye hifadhidata nne ndani ya seva moja, na kila Jumamosi lazima zifanyiwe matengenezo: kukaguliwa, kurekebishwa palipoharibika, kubanwa pale barua zilizofutwa zilipoacha mapengo. Ya kwanza ni ya mauzo, ya pili ya stoo na madereva, ya tatu ya ofisi, na ya nne ni ya wakubwa, nene kupindukia kwa sababu wakubwa hawafuti kitu. Siku zote nilizifanya moja baada ya nyingine, kutwa nzima, nimekaa mbele ya kompyuta nikipiga miayo. Leo nikaziamuru zote nne zianze kwa pamoja. Feni za seva zikapandisha sauti, namba zikaanza kukimbia, nami nikajipongeza mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kunipongeza.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mtunza stoo wetu. Huyu bwana utani wake hauna likizo. Kwa ajili ya Jumamosi zangu ndefu alishanibatiza Bi Polepole, na jina limeenea mpaka kwa madereva. Lakini leo hakutania. Alisimama pale akihema.

"Shem, barua pepe ikishatumwa inaweza kurudishwa?"

"Imetumwa kwa nani?"

"Kwa mkurugenzi."

"Inasema nini?"

"Inasema naacha kazi."

Nikageuza kiti nimtazame vizuri. Kumbe jana jioni alikwaruzana na mkurugenzi. Akalala na hasira, akaamka nazo, akaja stoo asubuhi kuziandika. Alipobonyeza tu kutuma, simu ikalia: mkewe, ambaye yuko mwezi wake wa mwisho wa ujauzito, anamkumbusha kupitia dukani kuchukua kitanda cha mtoto.

"Ndipo akili ikanirudi," akasema. "Nitamlaza mtoto kwenye kitanda kipya na baba hana kazi?"

"Mligombania nini?"

"Mambo ya kazi tu. Shem, barua iko wapi?"

Nikaitafuta. Haikuwa imefika. Hifadhidata ikiwa kwenye matengenezo haipokei kitu. Barua mpya zinakaa foleni mpaka kazi iishe, ndipo zinaingia zenyewe. Ya kwake ilikuwa mbele kabisa ya foleni ya wakubwa.

"Basi ifute."

"Sifuti. Ukishaituma si yako tena, ni ya uliyemwandikia. Nikianza kuchagua barua zipi zifike na zipi zisifike, hapa sitakuwa fundi tena."

"Hata mimi?"

"Hata mume wangu."

"Imebaki muda gani?"

Nikaangalia ile ya nne. Ilikuwa imevuka nusu na inakwenda mbio. "Ungekuja wiki iliyopita ungekuwa na kutwa nzima. Leo umenikuta na haraka zangu."

"Siku moja tu umeamua kukimbia, Bi Polepole, na ndiyo siku yangu."

Nilitaka kumzaba kibao na nilitaka kulia, sijui kipi kilitangulia. Kisha nikaona njia. Barua ya mtu sigusi, lakini kazi ngapi ziende pamoja ni juu yangu. Isitoshe, diski ilikuwa imeanza kuelemewa. Nikaisimamisha ya nne, ingojee zile tatu.

"Mkurugenzi anakaa mtaa wa nyuma," nikamwambia. "Nenda umwambie kwa mdomo wako kabla hajasoma. Kimbia."

Akakimbia. Zile tatu, kwa ukorofi wao, zikamaliza upesi kuliko nilivyotaka. Nikaanza kutafuta visingizio: nikafuta vumbi kwenye kibodi, nikakunja nyaya ambazo hazikuomba kukunjwa. Simu yangu ikalia. Mkurugenzi.

"Fundi, barua pepe zangu zimekwama."

"Ni matengenezo, bosi. Yenu nimeiweka mwisho. Diski ilielemewa."

"Ilielemewa na nini, na shemeji yako?"

Nikauweka chini waya niliokuwa naukunja.

"Yupo hapa sebuleni kwangu," akaendelea. "Ameomba radhi kwa ukali wa maneno, na ameomba abaki na kazi yake. Lakini kwa alichokilalamikia anasema harudi nyuma. Basi nataka nikisome mwenyewe, ndipo niamue. Ifungue."

"Naomba niongee naye kwanza." Simu ikabadilisha mkono. "Shem, niiachie?"

"Iachie tu," akasema. "Nishasema mwenyewe."

Nikaiachia ile ya nne. Ikiwa peke yake, na diski yote ni yake, ilimaliza haraka ajabu. Foleni ikatiririka. Simu haikukatwa, nikasikia kimya cha mtu anayesoma.

"Kuna aya inakuhusu," mkurugenzi akasema.

"Bosi, mimi sipendi kusomewa barua za watu."

"Hii nimeandikiwa mimi, nami nakusomea." Akasoma taratibu: "Barua za kampuni nzima zinaangaliwa na mtu mmoja. Kila Jumamosi anakaa peke yake kwenye chumba cha baridi, na mtoto wake anakula bila yeye. Jana nilikuomba umpe msaidizi, ukanijibu kwamba yeye hajawahi kulalamika. Basi ninayelalamika ni mimi."

Kejeli zote nilizokuwa nimemwandalia shemeji zikayeyuka. Niliona aibu, na nilimpenda yule mropokaji kama ndugu wa tumbo moja.

"Ni kweli hujawahi kulalamika?" mkurugenzi akauliza.

"Ni kweli, bosi. Lakini nimechoka."

"Jumatatu njooni wote wawili. Yeye aje mapema, stoo haijifungui yenyewe."

Nilipotoka nilimkuta shemeji kwenye geti la kampuni, uso umechangamka.

"Bi Polepole, chakula kinapoa kwako."

Nilitaka kumshukuru nikakosa pa kuanzia. Nikamwambia tupitie kwanza dukani, kitanda cha mtoto kinahitaji watu wawili kukibeba.