Sauti ya Shangazi

Maji yalipokatika mtaa mzima, Shangazi aliacha cherehani yake, akavaa miwani, akapiga simu ofisi ya maji na kuiweka kwenye spika ili mikono iendelee kukunja vitambaa. Mtoto wa kaka yake alikuwa pembeni kwenye kigoda, akichomoa nyuzi kwenye pindo. Binti huyu Shangazi alimpa jina la Sikio tangu utotoni, kwa ule mchezo wake wa kubandika kichwa mlangoni wakubwa wakiongea, na jina likamganda.

Simu ikapokelewa.

"Haya mwanangu, karibu. Nieleze taratibu, nakusikiliza."

Shangazi aliacha kukunja. Aliitazama simu, akamtazama Sikio, akairudia simu.

"Mbona huyu ni mimi?"

Na simu nayo, kwa kile kicheko cha puani ambacho mtaa mzima unakijua, ikajibu, "Samahani mwanangu, hapo sijakuelewa. Hebu rudia."

Sikio alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haina huruma hiyo, kwa hiyo alibaki pale pale kwenye kigoda, uso unawaka, anachomoa nyuzi hata zile zisizopaswa kuchomolewa.

Kazi yake ilikuwa kukusanya sauti kwa kampuni inayofundisha mashine kuongea na kupokea simu za maofisini. Watu waliletwa kwenye chumba chenye kuta za sponji, wakapewa karatasi wasome, na wote, hata wale wauza samaki wenye midomo ya moto, wakishika karatasi tu walikuwa watangazaji wa taarifa ya habari. Meneja alichoka nao. Alisema anataka sauti ya nyumbani, ya mtu mzima anayeongea bila kujua kuna anayemsikiliza. Hayo ya mwisho aliyasema kwa mzaha. Sikio aliyabeba kama agizo.

Nyumbani sauti hiyo ilikuwepo bwerere. Tangu afiwe na mumewe, Shangazi alikuwa akishona huku anaongea naye: anamsimulia wateja wasumbufu, anamsuta kwa kutangulia, anamcheka. Kila alasiri Sikio aliiacha simu yake chini ya mabaki ya vitambaa, inarekodi.

Sharti lilikuwa moja. Kila rekodi ianze na mwenye sauti akitamka kwa kinywa chake "nimekubali", baada ya kuelezwa sauti yake inakwenda wapi. Lakini akielezwa atajikaza, na akijikaza naye atageuka mtangazaji. Ndivyo Sikio alivyojidanganya. Basi siku moja akajitia kudeka.

"Shangazi, si utanishonea gauni la kazini? Niambie umekubali."

"Nimekubali, king'ang'anizi wewe. Niache nifanye kazi."

Akalikata neno hilo, akalipachika mwanzo wa kila rekodi. Kazini alipongezwa mbele ya wenzake, na bila haya akapiga picha na meneja.

Sasa mabomba yalikuwa makavu, na kila aliyepiga simu aliambiwa na Shangazi asubiri. Mwanzoni ilikuwa utani. "Fundi, unanikatia maji halafu unaniita mwanangu?" jirani alimtania dirishani, na Shangazi akacheka, ingawa si kwa moyo wote. Kisha akaja mteja wake wa miaka mingi, mama mwenye mtoto mgonjwa na ndoo tupu, akaomba arudishiwe kitambaa chake ambacho hakijashonwa.

"Nimelia kwenye ile simu," alisema, "ikaniambia pole mwanangu, ombi lako halionekani. Najua si wewe, dada. Lakini sauti yako kwa sasa siiwezi."

Shangazi alimkunjia kitambaa vizuri, akamsindikiza hadi mlangoni. Aliporudi, Sikio alishindwa kuendelea kujitia hamnazo. Alisema yote kwa kigugumizi, macho sakafuni: mashine, simu chini ya vitambaa, na lile neno alilolikata.

Shangazi aliketi.

"Niliyokuwa nikimwambia marehemu, nayo wanayo?"

"Wanayo, Shangazi."

"Hata siku ile niliyolia?"

Sikio alitikisa kichwa kukubali. Hiyo ndiyo rekodi aliyoisifu meneja kuliko zote. Ile pole ya kwenye simu ilitoka humo.

"Nisamehe, Shangazi. Ningekuomba kwanza."

"Ungeniomba ningekataa," alisema Shangazi. "Ulilijua hilo. Ndiyo maana hukuniomba."

Kesho yake Sikio alimweleza meneja. Meneja alifunga mlango kwanza.

"Rekodi tutazifuta. Lakini mashine imeshajifunza. Chumvi ikishaingia kwenye mchuzi utaitoaje?"

"Basi izimeni."

"Tuizime? Ofisi ya maji wanaipenda. Wanasema ina utu."

Sikio angeweza kumkumbusha mzaha wake, amtwike nusu ya lawama. Mzaha ulikuwa wa meneja, lakini mkono ulioficha simu ulikuwa wake. Aliacha kitambulisho cha kazi mezani akatoka.

Nyumbani alianza kuiacha simu nje ya mlango, pamoja na viatu, ili Shangazi aone mikono mitupu. Shangazi aliona. Alimwekea chakula, aliitikia salamu zake, lakini alishona kimya. Kuna wakati Sikio alitoka hadi ukumbini, akabandika kichwa mlangoni kama zamani, akiomba Mungu amjalie kumsikia Shangazi akimsuta marehemu hata kwa neno moja. Alichosikia ni cherehani tu. Kule kwenye simu Shangazi aliendelea kumwita kila mtu mwanangu. Humu ndani Sikio hakuitwa hivyo tena.

Alasiri moja cherehani ilinyamaza. Shangazi alipasha pasi, akanyoosha kitu kwa muda mrefu, akakikunja na kumwekea Sikio mapajani. Lilikuwa gauni la kazini, lenye kola na mifuko miwili, pindo limeshonwa kwa mkono.

"Shangazi, sistahili. Hata hiyo kazi sina tena."

Shangazi alikuwa ameshageuka, anatunga uzi kwenye sindano.

"Chukua," alisema. "Hilo ndilo nililokubali."