Kupoa si Kuwa Baridi

Adhuhuri ile, mabati yakilia kwa joto, Agot alimpapasa mjukuu wake kwenye paji la uso, akapiga kigelegele.

“Achan! Mama Kuol! Njoo ushike mtoto. Amepoa! Mungu asifiwe.”

Achan alikuja mbio, moyo mwepesi. Tangu jana Kuol wake wa miezi kumi na moja alikuwa akiharisha na kuchemka homa. Akamshika nyayo. Baridi. Kambi nzima ya Kakuma inaungua, miguu ya mwanawe baridi! Na mtoto hata hakulia.

Akakumbuka darasa la afya la jioni, Mwalimu Atiir alipotaja “mshtuko” wakacheka wote, wakidhani ni mtu aliyeona nyoka. “Sio hofu,” mwalimu akasema. “Damu imepungukiwa maji, inaiacha mikono na miguu, inakimbilia moyo na ubongo.” Kisha akamfinya kila mmoja ukucha: ukiachia, wekundu urudi upesi.

Achan akafinya kidole cha Kuol, akaachia. Moja, mbili, tatu, nne… bado cheupe.

“Mama, hajapoa. Amekuwa baridi.”

“Kwani si kitu moja? Hiyo shule yako ya jioni!”

Lakini Agot ndiye aliyetoka kusimamisha bodaboda, akapanda nyuma yao, bila viatu.

Kliniki, nesi Epuyo alitafuta mshipa mkononi, mguuni, kichwani. Mishipa yote imesinyaa. Akachukua sindano nene, akaielekeza kwenye mfupa wa muundi.

“Kwa mfupa?” Achan akapiga ukelele.

“Mfupa hausinyai, mama. Maji yatapita humo mpaka kwa damu. Mshike, uongee na yeye.”

Achan akaongea. Alimwitia majina yote ya ukoo wa baba yake. Epuyo akasukuma maji kidogo, akasikiliza kifua, akafinya kidole, akasukuma tena. Agot aliegemea ukuta, midomo ikienda bila sauti.

Mara Achan akahisi uvuguvugu ukimtiririka mapajani. Akatazama chini: leso imelowa. Kuol akafungua kinywa, akalia kwa hasira.

“Ejok! Vizuri!” Epuyo akacheka. “Huo mkojo tumeungoja sana. Damu imefika hadi kwa figo. Asante, mama, kwa kutochelewa.”

Achan alitaka kurudisha asante hiyo. Akaibana mikono ya nesi tu.

Agot akaivuta ile leso mbichi, akatoka nayo hadi kwenye foleni ya akina mama.

“Angalieni! Mjukuu yangu amekojoa! Na ni mama yake amejua, mimi nilikuwa napiga vigelegele!”