Chupa ya Wilhelmina

Mtoto alinukia mafuta mageni. Getruda aliyasikia kabla hajampakata vizuri, akamrudisha kwa mama yake.

"Nani amemchua?"

Rozina aliinamisha uso. Akaeleza kwamba Mama Wilhelmina alipita tangu asubuhi na chupa yake ya mafuta ya mzeituni, na ukurutu wa mtoto umeanza kulainika. "Usikasirike, mama. Samli yako nimeiweka."

Ameiweka. Tangu amzike mume wake, miaka kumi na minane, Getruda ndiye aliyewachua watoto wa mtaa wao pale Kirumba, na Rozina mwenyewe, mtoto wake wa ubatizo, alipita katika viganja vyake. Samli aliichemsha kwa mkono wake, maziwa ya ng'ombe wa Misungwi. Leo imewekwa juu ya kabati, ubavuni mwa mafuta ya taa.

Biashara ilipoachiwa huru, kila kitu kilikuja Mwanza, na mtoto wa Wilhelmina akaleta chupa hiyo kutoka Dar. Wilhelmina akayanyunyiza mafuta yake kwenye mchicha, akapaka visigino, akamchua goti katekista Josephat, naye Jumapili ile akapiga magoti sala nzima bila kuguna. "Haya yametajwa kwenye Biblia, wenzangu," alisema Wilhelmina. "Samli imetajwa wapi?" Wanawake walicheka. Getruda naye alicheka, kwa meno tu. Nyumbani alifunua Isaya akaikuta siagi, lakini utani ulikuwa umeshapita.

Alhamisi jumuiya ilisali asubuhi kwa Obedi, mwenye duka la soda. Wilhelmina, kwa kuogopa joto, chupa yake alikuwa ameilaza usiku ule, kwa mara ya kwanza, kwenye friji la duka. Baada ya sala aliomba aletewe, ampake mtoto wa Rozina mbele ya wote.

Ilikuja imeganda. Nyeupe chini, ukungu juu.

Getruda alijifunga kanga upya, taratibu.

"Mafuta ya mti hayagandi, dada," alisema kwa upole. "Sisi wa Mwaloni tunajua kinachoganda."

Hakutaja sangara, samaki wa soko la Mwaloni. Hakukuwa na haja. Kila mmoja pale amewahi kuyakuta mafuta ya sangara yamelala kwenye karai asubuhi ya baridi.

"Mwanangu hawezi kunidanganya," alisema Wilhelmina. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuyaona hivyo. Rozina alimfunika mtoto, akahamia upande wa Getruda. Wilhelmina akatoka, chupa akaiacha mezani, na mke wa Obedi akamwomba Getruda akaitupe chooni.

Getruda aliibeba kwa furaha iliyomwasha kifuani kama pilipili. Nyumbani akaiweka kwanza dirishani, asonge ugali wake ale, ndipo aitupe.

Saa sita jua lilipoligonga dirisha, ukungu ulikuwa umeondoka. Mafuta yalikuwa maangavu, kijani kinachokaribia dhahabu. Alichovya kidole, akanusa, akalamba. Hakuna samaki. Akakumbuka samli yake mwenyewe, jinsi inavyoganda na kuyeyuka na kubaki samli. Akafanya ishara ya msalaba, lakini maneno ya kufuata hayakuja.

"Hodi, mama." Rozina alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, kopo la samli mkononi. "Umchue wewe. Nimewaambia wote kule bombani, Mama Wilhelmina alitaka kumpaka mwanangu mafuta ya samaki."

"Wamesemaje?"

"Wamecheka. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye foleni. Akaondoka na ndoo tupu."

Getruda alinyoosha miguu mkekani, akamlaza mtoto mapajani. Samli ikayeyuka kati ya viganja vyake kama siku zote. Kutoka dirishani, mwanga ulipita kwenye chupa ukaangusha doa la kijani juu ya tumbo la mtoto.

Alisogeza paja ili doa limwondokee mtoto. Jua nalo likasogea, doa likarudi pale pale.