Zamu ya Ngui

Asubuhi ya Jumamosi Syombua alikuwa akianika nguo za watu kwenye ukuta wa nyuma wa kiwanda cha vikombe, kwa sababu ukuta ule ulikausha mashuka haraka kuliko jua. Wanawake wote wa Mowlem, mtaa wa Nairobi, walilijua hilo. Mbwa nao walilijua, na Julai ilipoingia na baridi yake walilala hapo wamepangana kama viazi. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu mwaka wa sabini na tisa, na sasa ulikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame na unga wa njano wa msaada. Hakuna aliyeuliza ukuta ulipata wapi joto. Anayekukaushia shuka humuulizi ukoo wake.

"Mama Ndindi, wacha hizo nguo," Teresiah alimwita kutoka langoni, akitikisa funguo hewani. "Chifu ametupatia mpaka saa nane."

Teresiah alikuwa mwenyekiti wa kikundi chao cha wanawake. Chifu alikuwa ametangaza barazani kwamba kampuni ya vikombe, iliyohamia Barabara ya Mombasa, upande wa pili wa jiji, iko tayari kukodisha jengo lake kwa yeyote mwenye wazo la maana. Teresiah hakuwa na wazo hata moja, ila alikuwa na hakika kwamba litapatikana wakishaingia ndani. Alikuja pia na Kabiru, fundi kijana wa mtaa wa Huruma, ambaye alitengeneza yale majiko mapya: bati nje, bakuli la udongo ndani, na makaa yanayotosha chai tu yanapika chai na maharagwe.

Waliingia. Popo waliwasogelea, wakawanusa, wakarudi darini. Mmoja wa wanawake alipendekeza kinu cha posho. Mwingine alisema kanisa.

"Kanisa haliajiri mtu," alisema Teresiah, ambaye aliimba kwaya.

Wakati wanabishana kuhusu kuku wa mayai, Kabiru aliegemea mlango wa tanuri lililokuwa likichoma rangi za vikombe, akaruka, akapuliza kiganja chake.

"Hii kitu iko moto," alisema.

Walilizunguka tanuri. Bomba la mafuta lilikatwa zamani na wauza vyuma. Nyaya za umeme hazikuwepo. Hata jivu halikuwepo. Kabiru, aliyekuwa akichoma mabakuli yake shimoni kwa kuni na matairi, na mengi yakampasukia, alianza kucheka peke yake.

"Basi hatutanunua kuni," alisema Teresiah, na jambo likawa limeamuliwa.

Syombua ndiye aliyeinama kwenye kitundu cha kuchungulia. Mumewe Ngui alikuwa ameketi ndani, amevaa ovaroli yake ya kazi, mgongo kwenye matofali mekundu, akichezea kifungo kama mtu anayengoja foleni iende.

"Umekonda," Syombua alimwambia kwa Kikamba.

"Huku hakuna ugali," alijibu Ngui.

Alimweleza taratibu. Siku aliyopotea, tofali la nyuma lilikuwa limeanguka, na kulikuwa na oda ya vikombe vya hoteli iliyokuwa imechelewa. Thuo, msimamizi wa zamu, alimtuma aingie alirudishe tofali mahali pake, na akamwambia asitoke mpaka aitwe. Kisha mlango ukafungwa na moto ukawashwa.

"Na hakukuita?"

"Bado."

Syombua alishika ukingo wa kanga yake. Kwa miaka yote hiyo aliambiwa kwamba Ngui alitoroka kazi akaenda Mombasa na mpishi wa kantini. Kampuni ilisema hivyo, mtaa ukasema hivyo, na mama yake Ngui alikufa kule kijijini Mwala akiwa amewakataza wajukuu kulitaja jina lake. Sasa kitu kilimpanda Syombua kifuani, na kabla hajajua ni uchungu, kilikuwa furaha. Aliionea haya, lakini hakuweza kuizuia.

"Kumbe hukwenda Mombasa."

"Mombasa kuna nini?" aliuliza Ngui.

Kabiru alikuwa amengoja kwa adabu nyuma yake. Alipoona wamenyamaza, alisogea.

"Habari ya kazi, mzee. Udongo unaweza kuiva hapo?"

"Lete," alisema Ngui, akainuka na kukunja mikono ya ovaroli.

Mabakuli ya kwanza yalitoka siku ya Jumatatu. Ngui aliyageuza mwenyewe kwa mikono, moja moja, na hakuna lililopasuka. Ukiligonga kwa kidole lililia kama kengele ya baiskeli. Kabiru alikimbia nalo mpaka barabarani kuwagongea watu wasiomjua. Wiki hiyo hiyo wanawake walikuwa wakifinyanga katika chumba cha zamani cha rangi, vijana waliokuwa wakishinda wameketi kwenye mtaro wakakanyaga udongo wakiimba, na mafundi wa bati wa Gikomba wakahamia uani na nyundo zao, hata ukitaka kuongea na mtu ilikuwa lazima umshike bega. Lori lilikuja kutoka Thika bila kuitwa. Teresiah alinenepa kwa furaha, ingawa kula alikuwa hali, kwa kukosa nafasi.

Syombua aliacha kufua. Kazi yake ilikuwa kufungua mlango, kuingiza mabakuli mabichi na kupokea yaliyoiva, na katikati ya mzigo mmoja na mwingine alimpa Ngui habari kupitia kitundu: Ndindi, binti yao, yuko mwaka wa mwisho wa ualimu, fulani aliolewa, sukari imepotea madukani. Alipofungua mlango kwa mara ya kwanza alimvuta mkono. Mkono ulikuja, lakini mguu ulifika kizingitini ukasimama, kama ng'ombe aliyeona daraja.

"Unamngoja aliyeuagiza," alisema Ngui, akiutazama mguu wake bila chuki.

Kwa hiyo Syombua alivaa gauni lake la kanisa akaenda Barabara ya Mombasa. Thuo sasa alikuwa meneja. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mapaa ya kiwanda yanavuja, kisha akamleta kwa gari la kampuni. Alivua miwani kwa sababu ya joto na kuinama kwenye kitundu.

"Habari, Ngui."

"Nzuri, bwana. Nitoke?"

Nyundo za uani zilisimama. Thuo alipangusa miwani yake kwa tai, akaivaa, akainuka.

"Mama," alimwambia Syombua kwa upole, "nikimwambia atoke, nitakuwa nimesema alikuwa ndani."

"Si umemwona yuko ndani?"

"Nimemwona. Lakini kwa kampuni, huyu alitoroka. Mtu aliyetorokea Mombasa huitwa kutoka Mombasa." Alimuaga kila mtu kwa mkono, akawapongeza kwa usafi, akaondoka.

Gari lilipopotea, mtu alianza kupiga mluzi, na nyundo zikaanza tena zote kwa pamoja. Syombua aliisikia pumzi iliyokuwa imezuiwa na watu wote ikitoka. Alikwenda kukaa nje, na Teresiah akamfuata, akaketi kando yake.

"Mwenzangu, sitakudanganya," alisema Teresiah. "Alipokataa, moyo wangu ulifurahi. Ngui akitoka, tanuri litapoa."

"Najua," alisema Syombua. "Na mimi ningefurahi, kama angekuwa mume wako."

Kisha Syombua akasema anataka kitu kimoja, na siku iliyofuata Kabiru alichonga muhuri wa mti wa mgrevilea. Tangu hapo kila bakuli liligongwa jina NGUI udongo ukiwa bado laini. Pale mtaani Muthurwa watu wakaacha kusema jiko. Walisema, nipe Ngui moja, na ile kubwa ya hoteli ni ngapi. Ngui alipoambiwa alicheka hata mabakuli yakatikisika, akataka kuonyeshwa herufi zake, akasema ile G imeinama kidogo. Syombua hakuwa amemsikia akicheka hivyo hata alipokuwa nyumbani.

Mpaka Desemba walikuwa wakifanya kazi kwa zamu mbili, na chifu alikuwa akileta wageni. Mgeni mmoja kutoka wizarani alichungulia kitundu, akamuuliza Ngui kama ana maoni yoyote. Ngui aliomba chumvi iongezwe kwenye udongo. Mgeni alisema hilo ni jambo zuri.

Wiki moja kabla ya Krismasi Thuo alikuja tena, safari hii peke yake. Alikuwa ameyaona malori. Alipewa chai, iliyopikwa juu ya Ngui, akaisifu. Alizunguka tanuri akilipapasa ukuta kwa kiganja, jinsi mnunuzi anavyompapasa fahali.

"Kule kwetu tuna tanuri kubwa kuliko hili," alisema. "Linakula mafuta, linakula mafuta, faida yote inaishia motoni." Alikunywa chai kidogo. "Mama Ndindi, tanuri kama hili hupatikana vipi?"

Wanawake waliacha kufinyanga.

"Hilo unalijua wewe uliyemtuma mtu aingie, Bwana Thuo," alisema Syombua. "Sisi tulilikuta tayari."

Thuo aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia na sasa analipima. Alimaliza chai, akashukuru, akachagua jiko la ukubwa wa kati kwa ajili ya mke wake. Kabiru alilibeba mpaka kwenye buti ya gari.

Ndani, Ngui aligonga tofali kuonyesha kwamba mzigo umeiva, na Syombua akavaa glavu, akaenda kufungua mlango.