Namba ya Simu Usoni mwa Bibi Harusi

Nurudini, mpiga picha wa Kasulu mjini, alituma picha ya harusi ya Ange wa Mabamba kwenye kundi la WhatsApp la wapiga picha, akaandika: "Nikosoeni bila huruma. Mimi si mtu wa kupenda sifa."

Picha ilizungushiwa maua mekundu. Chini aliweka mioyo miwili na neno Hongera, na katikati, usoni mwa bibi harusi, jina la studio na namba ya simu, ili wezi wa mtandaoni washike adabu.

Wa kwanza kujibu aliuliza bei ya picha za pasipoti. Wa pili alikuwa Zuhra wa Kibondo: "Kaka, futa hayo makorokoro kwanza tuione picha. Hapa tunakosoa bango."

"Huyu kashika kamera juzi," Nurudini alinung'unika. Lakini ukweli aliuomba mwenyewe, basi akafungua picha halisi. Ange alikuwa amefumba macho kama mtu aliyesinzia kanisani. Hapo Nurudini akakumbuka kwa nini namba ilikaa pale.

Akairudia ile ya maua, akaikuza namba kidogo, akaituma tena: "Ahsanteni. Nimezingatia maoni yenu yote."