Firigisi ya Placide

Placide alivaa suti yake ya ndoa kwenda kujitazama. Laure, binti aliyekuwa akitengeneza filamu juu ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, alishinda nyumbani kwa Placide wiki nzima na kamera yake. Jumapili hii, baada ya misa, mapazia ya ukumbi wa parokia yalifungwa na Placide akaonekana ukutani, mkubwa kama nyumba.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Placide wa ukutani alisimama kwenye geti la kiwanda akiwatambia wenzake: "Firigisi ya kuku ni ya baba! Muke akiigusa, minye namurudisha kwabo!" Watu wakacheka, naye akaiweka tai yake sawa.

Mara likaja jiko lake. Mungu wangu! Yeye alidhani kamera, kama ile ya mpiga picha wa sokoni, haifanyi kazi mpaka mtu asimame nyuma yake. Kumbe Laure aliiacha mezani ikitazama. Placide wa ukutani akachungulia mlangoni, akaopoa firigisi sufuriani, akamtia mkewe Angèle mdomoni. "Kula mbio, Mama Tina, batatuona!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Athanase, mwenzake wa tanuru, mwenye domo kuliko wote kiwandani, alicheka mpaka akapiga mapaja. Placide alitamani ardhi immeze. Kesho angepitaje getini? Hawa watu walikuwa wanamdharau, au wamefurahi naye? Alimgeukia Angèle, akamkuta anatabasamu.

"Ulijua?"

"Laure aliniuliza kama aitoshe mu filamu. Nikasema aiache. Miaka yote hii bantu banazani unaninyimaka."

Placide hakujua kama aone haya au aringe. Tai ilikuwa inamkaba.

Nje, Athanase akamjia moja kwa moja. Placide akajiandaa kwa mzaha, lakini mwenzake alikuwa anajifuta macho, na hakuwa anacheka tena. Mwaka jana tu Placide na wenzao walimsindikiza Athanase makaburini kumzika mkewe, Gertrude.

"Placide, ile maneno yako ya firigisi, weye ulikuwa unacheza tu?"

"Ndiyo, ndugu yangu. Maneno ya getini."

"Minye nilikuwa nakusikiliza. Gertrude hakuonja hata siku moya."

Placide akaivua tai. Watu walikuwa bado wanatoka ukumbini wakicheka, wakimpiga bega na kumwita nyota.